Kikulacho ki Bustanini

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kila aliyekaa darasani ameandika insha juu ya methali hiyo angalau mara moja. Mimi nimeiandika mara tatu. Mara zote nilimweka humo rafiki mnafiki: ama kamwibia mwenzake mchumba, ama kamchongea kwa mwajiri wake. Mwalimu akaweka vema, tukaendelea na mengine. Hakuna aliyetukumbusha kwamba kabla methali haijawa habari ya wanafiki ilikuwa habari ya mdudu. Chawa, kunguni, kiroboto. Mzee mmoja wa zamani alijikuna, akapekua pindo la shuka yake, akamwona mbaya wake, akatamka neno. Sisi neno tumelibakisha, mdudu tumemwacha.

Ndugu msomaji, leo naomba nimrudishe mdudu. Najua kurasa zetu hizi zimezoea hadithi za mapenzi, za mabinti wa mjini na mabuzi yao, za kijana aliyeteremka kutoka bara na begi moja akaibiwa siku ya kwanza. Nazipenda, na riwaya yangu mwenyewe, ambayo bado inanisumbua, ina sura mbili za namna hiyo. Lakini yako mambo niliyoyaona Gwata ambayo hayaingii katika riwaya ile hata nikiyasukuma kwa bega. Basi nayaweka hapa.

Gwata ninayoisema ni ile kata ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, maana wenzetu wa Morogoro nao wanayo Gwata yao. Unatoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, unapita Kibaha mjini, unafika Mlandizi, na huko mbele lami unaiaga. Kinachofuata ni vumbi, pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa mpaka dereva haonekani, na makundi ya ng'ombe wa Wamasai na Wamang'ati yanayotafuta maji. Shangazi yangu, dada yake baba, ana bustani kule kando ya lambo. Nilikwenda kwake mwishoni mwa Oktoba 2022, wakati Mto Ruvu umepungua na jiji zima la Dar es Salaam limeingia kwenye mgao wa maji. Bomba la nyumba niliyopanga lilikuwa linakohoa upepo tu. Nikatia madaftari manne kwenye begi, nikasema nakwenda kuandika kijijini, mahali penye utulivu.

Utulivu upo kweli, sikatai. Ila shangazi hakuyaona madaftari. Aliona mikono miwili isiyo na kazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Karibu. Keni ile pale, maji yale kule.”

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Matuta sita ya bamia, bado change, zina majani manne au matano. Matuta manne ya matango yaliyokwisha anza kuzaa. Kunde za majani upande wa juu, mchicha karibu na maji, nyanya chungu mstari mmoja. Lakini juu ya matuta hayo palikuwa na deni. Shangazi alikopa shilingi laki tatu kwenye kikundi cha akina mama, na rejesho ni kila Jumamosi, elfu ishirini na tano. Anayekosa rejesho wenzake wanamchangia, kisha wanakuja kwake wanne wanne, wanakaa barazani kwa adabu kabisa, hawasemi kitu. Shangazi alikuwa akisema afadhali watu wa benki, wao wanakuja na gari, wanapiga kelele, wanaondoka.

Mvua za vuli zilichelewa. Zilipodondoka zile za kwanza, tukashangilia kama watu wote. Siku chache baadaye majani ya bamia yakawa kama bati lililopigwa misumari: matundu madogo ya duara, mengi, yamepangana. Kunde nazo zikaanza kuliwa. Majani ya matango yakawa yamebaki mishipa mitupu, mithili ya wavu wa kuvulia dagaa. Shangazi alisimama katikati ya matuta, mikono kiunoni, midomo ikihesabu. Sikuhitaji kuuliza anahesabu nini. Alikuwa anahesabu Jumamosi.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye bustani upande wa pili wa lambo, alikuja jioni na chupa ya soda. Ndani mna kitu cheupe, kizito. Alikipata katika duka moja la dawa za kilimo huko barabarani, amepimiwa kutoka kwenye chombo kikubwa. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi, isipokuwa ile nembo ya soda.

“Mzee, hii inaitwaje?” nikamuuliza.

“Inaitwa dawa.”

“Ya mdudu gani?”

“Ya mdudu.” Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza maji yanaitwaje.

Na mchuuzi wetu wa matango, anayepeleka mzigo Dar es Salaam, alipopiga simu akatoa ushauri uleule kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Alisema puliza leo, keshokutwa Alhamisi nakuja na gari, mteja wa mjini hataki tango lenye doa.

Hapo, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Mteja wa mjini ni nani? Si ni mimi na wewe? Ni yule anayesimama usiku kwenye kibanda cha chipsi, anaambiwa kachumbari ipo, anasema weka nyingi. Ndani ya ile kachumbari mna tango lililokatwa na ganda lake. Tango lile lilipuliziwa lini, na nini, na nani? Dawa iliyosajiliwa huwa na karatasi yenye jina lake, kipimo chake, rangi ya kuonyesha ukali wake, nyekundu ikiwa kali kuliko zote na kijani ikiwa na nafuu, na idadi ya siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Chupa ya soda haina siku za kungoja. Ina Alhamisi tu.

Shangazi aliipokea ile chupa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akashukuru. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa pale pale kwenye tuta la matango, kavunja moja, kalifuta kwenye kaptula, anatafuna. Hiyo ndiyo desturi yake, kila siku mawili matatu. Shangazi akamtazama yule mtoto, akaitazama chupa. “Huyu nitamfunga wapi hizo siku mbili?” Akaichukua chupa akaipachika juu kabisa kwenye paa la jiko, akaniambia nimtafute bwana shamba kwa simu.

Bwana shamba wa kata alikuja kesho yake kwa pikipiki. Nilitegemea mtu mzima mwenye kitambi na kofia. Kumbe ni kijana wa rika langu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Tumekwisha.”

“Mmepuliza?”

“Bado.”

“Mmewaona?”

“Tumewaona, wengi tu.”

“Wa namna ngapi?”

Shangazi akanyamaza. Lile swali ndilo lililonifanya niache keni chini. Namna ngapi? Kwa macho yetu walikuwa kundi moja, wadudu, basi, kama vile mtu wa mbali anavyosema watu wa Pwani na kudhani kamaliza. Yule kijana akapiga magoti kwenye tuta la bamia, akatuita kwa mkono, taratibu. Tukamwona kijidudu kidogo sana, kinang'aa, kimetulia juu ya jani. Alipokisogezea kidole, kikaruka kama kiroboto.

“Huyu wa kwanza,” akasema. “Ana mapaja makubwa ya nyuma, ndiyo maana anaruka. Kitaalamu wako kwenye jamii ya Podagrica. Anapenda bamia na ndugu zake bamia: pamba, choya. Mkubwa anatoboa jani, watoto wake wako chini ardhini wanatafuna mizizi. Hatari yake ni sasa, mche ukiwa mdogo. Bamia ikishakuwa kubwa, matundu yale ni uchafu wa nguo tu, mtu bado mzima.”

Tukahamia kwenye kunde. Huko tukaona mwingine, mkubwa zaidi, kama nusu sentimita, rangi ya chungwa iliyokolea, mgongo unameta kama umepakwa mafuta. Huyu, akasema, ni jamii ya Ootheca, na kaja na mvua. Alikuwa amelala udongoni msimu mzima wa kiangazi, mzima mzima, amekwisha kuwa mkubwa, anangoja ardhi ilowane. Mvua ikipiga anatoka, anakuta kunde zimechipua, anasema karibu mezani. Anakula majani, anataga udongoni, na mabuu yake yanakula mizizi na vile vinundu vya mizizi ambavyo kunde hutumia kujitengenezea mbolea. Kule kaskazini, wilayani Hai, wakulima wa maharage wamehangaika naye sana, na jambo mojawapo lililowasaidia ni kuchimba wenyewe kuona anapolala. Mtu aliyezoea kumwona juu ya jani tu hawezi kuamini kwamba shamba lake lina ghala la adui chini ya jembe.

Kisha matango. Hapa ndipo pana kisa chenyewe.

Juu ya jani lililobaki wavu alikuwepo mdudu wa duara, mgongo kama nusu ya punje ya mbaazi, rangi ya kahawia nyekundu yenye madoa meusi. Nikafurahi, maana mdudu huyu nilimjua kwenye vitabu vya shule. Ni rafiki wa mkulima. Picha yake ipo na maelezo yapo: anakula vidukari, wale wadudu mafuta wanaoganda kwenye vichipukizi. Nikasema kwa sauti, huyu si rafiki?

Bwana shamba akacheka. Akaenda kwenye kunde, akarudi na mwingine amemfungia kiganjani, akawaweka wawili juu ya jani moja. “Haya, mwandishi. Nitofautishie.” Shangazi alikuwa amekwisha mwambia kwamba naandika.

Niliwatazama kwa muda mrefu. Wote duara, wote na madoa. Lakini yule wa kunde mgongo wake ulikuwa laini, unang'aa kama kigae. Yule wa matango alikuwa hafifu, kama ana vumbi. Ukimsogeza karibu na jicho unaona si vumbi, ni vinywele vifupi vifupi vilivyomfunika mgongo mzima. Na madoa yake, tukihesabu, kumi na mbili.

“Umemwona,” akasema. “Ni ukoo mmoja kabisa. Katika ukoo ule wengi wanakula wadudu wenzao, ni wawindaji. Wachache wameacha nyama, wanakula majani. Huyu wa matango ni mmoja wao, Henosepilachna elaterii. Anakula maboga, matikiti, matango, na matango mwitu yale kando ya njia.” Akageuza jani. Chini yake palikuwa na mayai ya manjano yamesimama wima, yamebanana kama viazi gengeni, na mabuu ya manjano yenye miiba yenye matawi mgongoni. “Watoto wa rafiki hawako hivi. Wao ni warefu, weusi wenye alama za rangi ya chungwa, wanakimbia kama vimamba vidogo. Sasa niambie, mama, ukimwaga ile ya kwenye chupa, itawauliza hawa nani mwenye nywele na nani hana?”

Shangazi akasema, “Haitauliza.”

“Itaua wote. Na wa nani watarudi kwanza?”

Hilo naomba nilieleze mwenyewe, maana nililifuatilia baadaye. Mla majani akirudi anakuta chakula tele, tuta zima. Mwindaji akirudi anakuta njaa, kwa kuwa wale anaowala wamekufa, na itabidi angoje mpaka wazaliane tena. Kwa hiyo baada ya dawa ya kuua wote, wa kwanza kushamiri ni adui. Tena katika adui wale walionusurika ni wale ambao dawa haikuwaweza, na ndio watakaozaa. Dunia imekwisha liona jambo hili kwa vipimo vikubwa. Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Huko Marekani kuna mbawakawa wa viazi anayeitwa wa Colorado. Walimpiga kwa DDT, na ilipofika miaka ya 1950 alikuwa amekwisha izoea, anaiona kama manyunyu. Mwaka 1962 Mmarekani Rachel Carson, mwanasayansi aliyejua pia kalamu, akaandika kitabu juu ya sumu hizo kilichotikisa serikali yake. Endosulfan, ambayo ilipulizwa mno kwenye pamba na mboga, mataifa yalikubaliana kuiondoa mwaka 2011. Hapa kwetu kusajili na kukagua dawa kulikuwa kazi ya TPRI ya Arusha. Sasa ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Sheria ipo, basi. Lakini kati ya sheria na tuta la shangazi kuna barabara ndefu, na kwenye barabara hiyo kuna mtu anapima kwa chupa ya soda.

Na si kwamba wadudu hawawezi kupigwa kwa wadudu. Mwaka 1888 na 1889 wakulima wa machungwa wa California walikuwa wamekata tamaa kwa ajili ya mdudu anayefyonza miti yao. Wakaletewa kutoka Australia mbawakawa mdogo wa ukoo uleule wa mgongo wa duara, Rodolia. Kwa muda mfupi akaifagia ile balaa. Mashamba yaliokolewa na kijidudu kinachoenea kwenye ukucha wa kidole kidogo.

Tulifanya nini sisi? Mambo ya kawaida, hayana maajabu. Alfajiri, kabla jua halijawapasha moto, wadudu wa matango ni wazito, hawaruki upesi. Tulipita mstari kwa mstari na kopo la maji ya sabuni, tukiwaokota na kuwadondosha humo. Kila jani tuligeuza chini juu, mayai tukayasaga kwa kidole. Siku ya kwanza mgongo uliniuma mpaka nikalala kifudifudi. Majani yaliyokwisha kabisa tuliyakata tukayafukia mbali, na yale matango mwitu ya kando ya njia tukayang'oa. Bamia changa tulizinyunyizia jivu asubuhi majani yakiwa na umande, na mvua ikipita tunarudia.

Halafu mwarobaini. Mti huu uko kila mahali Pwani, unapigiwa soga chini yake, watu wanaunywa kwa homa, jina lenyewe linajisifu kutibu maradhi arobaini. Bwana shamba alitufundisha kutumia mbegu. Unaokota zile kavu, unazimenya upate kokwa, unatwanga. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji, kwa hiyo nusu kilo kwa lita 10. Tulipimisha kwenye mizani ya dukani. Unaloweka usiku kucha, asubuhi unachuja kwa kitambaa, unatia sabuni kidogo ili ishike kwenye majani, unapuliza jioni kwa sababu jua huiharibu nguvu yake. Onyo alilotupa ni hili: msitegemee kuona maiti. Mwarobaini hauui papo hapo. Unamfanya mdudu achukie chakula, na buu anashindwa kujivua ngozi akue. Anayetaka kuona wadudu wameanguka chali saa ileile atasema tumedanganywa, atarudi kwenye chupa.

Ile chupa, kwa taarifa yako, shangazi aliirudisha kwa jirani jioni ileile. Hakumkemea, maana ni mtu mzima na alitoa kwa moyo. Alimwambia tu, “Kaka, mtoto huyu anakula tunda bila kuniuliza. Nimeogopa.” Mzee akaipokea, akakaa nayo magotini muda mrefu. Naye ana wajukuu.

Nisiseme uongo kwamba tulishinda. Matuta mawili ya matango yalikwisha. Mchuuzi alikuja Alhamisi yake, akachagua, akaacha karibu nusu kwa sababu ya madoa, na yaliyobaki tuliyapeleka Mlandizi kwa bei ya kusikitisha. Jumamosi mbili rejesho lilitoka kwa kuku, jogoo mmoja na tetea wawili. Wale akina mama wanne walikuja mara moja wakakaa barazani. Lakini bamia zilisimama. Zilipofika magotini zilikuwa na matundu kwenye majani na matunda safi, tukavuna siku moja baada ya moja, na bamia haikaguliwi jani, inakaguliwa tunda. Deni liliisha mwezi wa pili.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi wenye kalamu.

Mbawakawa, au mbawakavu kama mabwana shamba wanavyomwita, ni jina la haki. Mabawa yake ya mbele yamekauka yakawa ganda la kufunika yale ya kurukia. Wanasayansi wamekwisha waorodhesha zaidi ya aina 350,000 duniani, na kila mmoja ana tabia zake. Sisi tunao majina ya wachache, na ukiyatazama yote ni ya wale waliotuibia kitu kikubwa. Anayetoboa minazi anaitwa chonga. Aliye kwenye maharage ghalani ni fukusi. Na yule mla mahindi aliyetoka Amerika akajulikana kwanza kwetu huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, vitabu vinamwita dumuzi, lakini wakulima walimpachika jina lao wenyewe: Scania. Lile lori. Mtu aliyeona gunia la mahindi limegeuka unga kwa miezi michache hakuhitaji kufundishwa sitiari na mwalimu yeyote. Nimejaza madaftari manne na sina hata neno moja lenye nguvu ya lile.

Lakini hawa wa bustanini, wanaokula jasho la mama zetu tuta kwa tuta, wengi wao hatujawapa jina. Tunasema wadudu. Na kwa kuwa hawana jina, wanapigwa kwa dawa isiyo na jina. Nimefikiri sana juu ya hilo. Yule mwenye duka hakuuliza ni mdudu gani, jirani hakuuliza ni dawa gani, mchuuzi hakuuliza imepulizwa lini, na mimi na wewe kibandani huwa hatuulizi kitu. Sumu inasafiri kutoka Pwani mpaka kwenye sahani ya chipsi bila mtu hata mmoja kutamka neno lenye maana kamili.

Kwa hiyo wale wanaoniambia kwamba mwandishi afuate mambo makubwa, siasa na mapenzi, wadudu awaachie mabwana shamba, nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Kutofautisha wawili wanaofanana, mmoja ana vinywele na mwingine hana, ndiyo kazi tunayosema tunaitaka. Mhusika mbaya katika riwaya yangu alikuwa ananing'inia kwa sababu nilimpa ubaya wa jumla jumla. Tangu Gwata nimeanza kumgeuza jani chini juu, kuona kataga wapi.

Mwezi wa tatu, kabla ya masika, tulilima lile eneo la kunde. Bwana shamba alisema tusipande kunde tena hapo msimu ule, tuweke mahindi, na udongo tuugeuze jua kali lingalipo ili waliolala chini watoke nje. Jembe lilipofunua ardhi tukawaona kweli, wa rangi ya chungwa, wamejikunja kwenye vyumba vidogo vya udongo, wanangoja mvua. Kuku waliobaki wakatufuata nyuma, hatua kwa hatua, wakidonoa. Shangazi akaegemea mpini akawatazama.

“Kuleni,” akawaambia. “Wenzenu watatu walilipa.”

Nawe ndugu msomaji, siku ukisimama kibandani, yule kijana akakuuliza kachumbari iwepo au isiwepo, muulize matango anayatoa wapi. Huenda hajui. Muombe walau ayaoshe vizuri na ayamenye, na kesho yake amuulize anayemuuzia. Swali likishatoka kibandani litafika Mabibo, litafika kwa mchuuzi, na iko siku litapanda pikipiki mpaka lamboni.